Kabla ya Kusaini: Hesabu Chache za Mkopo, Akiba na Ahadi za Utajiri

Daftari na kalamu kwa pamoja vinauzwa shilingi 1,100. Daftari limezidi kalamu kwa shilingi 1,000. Kalamu ni bei gani?

Wengi hujibu 100 kabla swali halijaisha. Jibu ni 50. Kalamu ikiwa 100, daftari lingekuwa 1,100 na jumla ingefika 1,200. Katika sura yake ya awali swali hili lilihusu gongo na mpira wa besiboli, na ni la kwanza kati ya maswali matatu aliyoyachapisha mwaka 2005 Shane Frederick, wakati huo akifundisha MIT nchini Marekani. Watu zaidi ya 3,400, wengi wao wanafunzi wa vyuo vikuu, waliyajibu. Asilimia 17 walipata yote matatu na asilimia 33 hawakupata hata moja. Wengi hawakushindwa kujumlisha. Walilikubali jibu la kwanza lililowajia kichwani, wakapita.

Mwaka mmoja kabla ya hapo, wanauchumi Annamaria Lusardi na Olivia Mitchell walikuwa wamechomeka maswali matatu yao katika utafiti mkubwa wa Wamarekani wenye umri wa zaidi ya miaka 50. La kwanza lilikuwa jepesi: ukiweka dola 100 benki kwa riba ya asilimia 2 kwa mwaka, baada ya miaka mitano utakuwa na zaidi ya dola 102, 102 kamili, au pungufu? La pili lilihusu mfumuko wa bei na la tatu hatari ya kuweka fedha zote mahali pamoja. Ni kama theluthi moja tu waliopata yote matatu. Mwaka 2014, utafiti wa Standard & Poor's uliowafikia watu zaidi ya 150,000 katika nchi zaidi ya 140 ulikuta hali ileile duniani kote: mtu mzima mmoja kati ya watatu ndiye aliyeelewa mambo ya msingi ya fedha.

Maswali ya Frederick yanapima tabia ya kusita na kukagua jibu. Yale ya Lusardi na Mitchell yanadai hesabu na uelewa wa fedha. Katika mkopo, akiba au "fursa" inayoletwa na jirani, vyote huhitajika kwa pamoja. Gharama ya kukosa hesabu imeshapimwa pia. Mwaka 2013 watafiti Gerardi, Goette na Meier walichapisha uchunguzi wa Wamarekani waliochukua mikopo ya nyumba yenye hatari kubwa, miaka michache kabla nyumba nyingi hazijachukuliwa na benki. Wenye hesabu dhaifu ndio walioshindwa kulipa zaidi, hata walipolinganishwa na watu wa kipato na elimu kama yao. Tena sababu haikuwa kuchagua mkataba mbaya. Walikwama baadaye, katika kuendesha fedha za kila mwezi.

Hesabu unayo tayari

Muuza nyanya wa Kariakoo hahitaji karatasi. Mteja akichukua mafungu matatu ya 1,500 na vitunguu vya 2,000, akatoa noti ya 10,000, chenji ya 3,500 inatoka mkobani kabla mfuko haujafungwa. Mwite muuzaji huyo ofisini, umwambie "asilimia tatu na nusu kwa mwezi, marejesho miezi kumi na minane", na anaweza kuitikia kwa kichwa tu akitafuta mahali pa kusaini.

Mtaalamu wa anthropolojia Jean Lave aliipima tofauti hiyo kwa wanunuzi wa kawaida huko California. Wakiwa dukani wakilinganisha bei, walipatia asilimia 98 ya hesabu. Walipoketishwa kufanya mtihani wa hesabu za namna hiyohiyo, walipata asilimia 59. Uwezo walikuwa nao. Walichokosa ni njia ya kuuhamisha kutoka kwenye bidhaa wanayoishika hadi kwenye namba zilizoandikwa.

Semina ndefu hazijaziba pengo hilo. Mwaka 2014 Fernandes, Lynch na Netemeyer walikusanya matokeo ya tafiti 201 kuhusu elimu ya fedha, wakakuta kwamba mafunzo yaliweza kueleza sehemu moja tu kati ya elfu ya tofauti za mienendo ya watu kifedha. Hata mafunzo ya saa nyingi yalikuwa yamefifia baada ya miezi 20 hivi. Watafiti hao walipendekeza elimu fupi inayotolewa pale uamuzi unapofanyika. Ndiyo maana hesabu zinazofuata ni chache na zinafanyika kwa kikokotoo cha simu, afisa mikopo akiwa bado yuko mbele yako.

1. Geuza asilimia kuwa shilingi

Asilimia inaficha ukubwa wa fedha, na "kwa siku" inaificha zaidi. Tuseme mama lishe wa Buguruni anatafuta mtaji wa mwezi mmoja.

"Mama, unachukua 120,000, unarejesha 5,000 tu kwa siku."

"Siku ngapi, mwanangu?"

"Thelathini. Na fomu 10,000, tunaikata humohumo."

Hapo kuna hesabu mbili. Siku 30 mara 5,000 ni 150,000. Fedha itakayofika mkononi ni 110,000, kwa kuwa fomu imekatwa. Mkopo huo basi unauzwa kwa shilingi 40,000, sawa na asilimia 36 ya alichopokea, kwa mwezi mmoja. Bado kuna jambo la tatu: rejesho linaanza kesho yake, hivyo fedha ile hakai nayo mwezi mzima. Siku ya 15 ameshalipa 75,000. Ukilihesabu hilo, bei halisi inakaribia maradufu ya ile asilimia 36. Mikopo ya aina hii Watanzania wameshaipa jina: kausha damu.

Kisha linganisha rejesho na faida, usililinganishe na mauzo. Akiuza chakula cha 60,000 kwa siku na mchele, nyama, mafuta na mkaa vikamla 48,000, faida ni 12,000. Rejesho la 5,000 linachukua zaidi ya asilimia 40 ya faida hiyo, na siku ya mvua kubwa ambayo wateja hawaji, rejesho linakuja vilevile.

Mkopo wa simu ukaguliwe kwa njia hiyohiyo. M-Shwari ilipoanza Kenya Novemba 2012, ilitoza ada ya asilimia 7.5 kwa mkopo wa siku 30. Kwa shilingi 10,000 za Kenya hiyo ni 750, kiasi ambacho hakimtishi mtu. Anayekopa, kulipa na kukopa tena 10,000 ileile kila mwezi kwa mwaka mzima, Desemba atakuwa amelipa 9,000 za ada, na zile 10,000 bado si zake. Ada hiyo hata hivyo inaweza kuwa na maana kwa mfanyabiashara anayejua kwamba mzigo wa 10,000 utamrudishia 13,000 ndani ya wiki mbili. Ndipo faida ya kuandika shilingi: 750 inawekwa kando ya 3,000, na uamuzi unaonekana wazi.

2. Uliza riba inapigwa juu ya nini

Wakopeshaji wawili wanaweza kutaja riba ileile, mmoja akawa ghali karibu maradufu. Chukua mkopo wa 1,200,000 kwa miezi 12, riba asilimia 3 kwa mwezi.

Wa kwanza anapiga riba juu ya mkopo wote hadi mwisho. Kila mwezi ni 36,000, mara 12 ni 432,000. Hata mwezi wa mwisho, deni likiwa limebaki 100,000, mkopaji anatozwa kana kwamba bado ana 1,200,000 mfukoni.

Wa pili anapiga riba juu ya deni lililobaki. Mwezi wa kwanza ni 36,000, wa pili 33,000, wa tatu 30,000, hadi 3,000 mwezi wa mwisho. Jumla ni 234,000. Tofauti kati yao ni shilingi 198,000, na vipeperushi vyao vyote viwili vimeandikwa "3%".

Swali la kuuliza ni fupi: "Riba hii inahesabiwa juu ya mkopo wote au juu ya salio?" Jibu likiwa na maneno mengi, omba ratiba ya marejesho, mwezi kwa mwezi, kisha jumlisha mwenyewe safu ya mwisho. Uliza pia ukilipa deni lote mapema riba ya miezi iliyobaki inafutwa au bado unadaiwa. Kwa wengi wanaokopa wakisubiri mavuno au malipo ya kazi, jibu la swali hilo lina uzito kuliko asilimia yenyewe.

Kikoba kihesabiwe tofauti kidogo. Riba ya asilimia 10 kwa mwezi ni kali kwa mkopaji, lakini katika vikundi vingi fedha hiyo inarudi kwa wanachama kama gawio mwisho wa mzunguko, kwa kadiri ya hisa. Mwenye hisa nyingi anayekopa kidogo hunufaika. Mwenye hisa chache anayekopa kila mkutano ndiye anayemlipia mwenzake gawio. Mwanachama afungue daftari lake, aweke riba aliyolipa upande mmoja na gawio alilopokea upande wa pili.

3. Gawanya 72

Kanuni hii imo katika kitabu cha hesabu cha Luca Pacioli kilichochapishwa Venice mwaka 1494, na wenye mabenki bado wanaitumia. Gawanya 72 kwa asilimia ya mwaka, utapata takriban miaka ya fedha kuongezeka mara mbili. Akiba yenye riba ya asilimia 3 itajizidisha baada ya miaka 24. Yenye asilimia 9, baada ya miaka minane.

Kanuni hiyo inafaa pia kwa bei za vitu. Oktoba 2022 mfumuko wa bei nchini Kenya ulifika asilimia 9.6. Gawanya 72 kwa 9.6, unapata 7.5. Kasi ile ingedumu, unga na mafuta ya taa vingepanda bei mara mbili ndani ya miaka saba na nusu, na fedha iliyofungwa kwenye kibubu ingenunua nusu ya ilichonunua mwanzo. Mwenye akiba inayopata asilimia 3 wakati bei zinapanda kwa asilimia 5 anaona salio likikua kila mwaka huku kapu lake la sokoni likipungua. Kabla ya kuchagua mahali pa kuweka akiba ya muda mrefu, toa mfumuko wa bei kwenye riba. Kinachobaki ndicho ongezeko lako.

4. Ikague ahadi kwa kuizidisha

Swali la tatu la Frederick lilihusu mimea ya majini. Wakazi wa Mwanza na Kisumu wanaweza kulifikiria kwa gugu maji: linaongezeka mara mbili kila siku na litafunika ziwa lote siku ya 48. Lilifunika nusu ya ziwa siku ya ngapi? Haraka haraka watu hujibu 24. Jibu ni 47, kwa kuwa nusu ikizidishwa mara mbili siku inayofuata ndiyo ziwa zima.

Kushindwa kuona kasi ya vitu vinavyojizidisha ndiko kunakozipa nguvu biashara za upatu. Tanzania inaikumbuka DECI, mpango uliowavutia watu wengi "kupanda mbegu" za fedha kwa ahadi ya kuvuna zaidi baada ya muda mfupi, hadi serikali ilipouzima mwaka 2009. Wa mwanzo walivuna kweli, na ushuhuda wao ndio uliowaleta wengine. Waliopanda mwishoni walibaki wakidai mbegu zao.

Mpango wowote wa aina hiyo unakaguliwa kwa kuzidisha. Tuseme kila anayeingia lazima alete watu watano ili alipwe. Mtu mmoja analeta 5, hao wanaleta 25, kisha 125, kisha 625. Hadi hapo ni mtaa tu. Hatua ya 8 inahitaji watu 390,625. Hatua ya 11 inahitaji 48,828,125, na ukijumlisha na wote waliotangulia unapata 61,035,156. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu Watanzania 61,741,120, pamoja na watoto wachanga. Hatua ya 12 haina wa kumleta. Na katika kila mpango wa namna hii, safu ya mwisho ndiyo yenye watu wengi kuliko safu zote za juu kwa pamoja, kwa hiyo wengi hupoteza hata kama hakuna aliyekimbia na fedha.

Kwa hiyo mtu akikuletea "fursa", muulize faida inatokana na nini: kuna bidhaa inayouzwa, shamba linalolimwa, nyumba inayopangishwa? Ikiwa jibu ni wanachama wapya, zidisha.

5. Chagua wakati wa kuamua

Uwezo wa kufikiri haukai palepale. Mwaka 2013 jarida la Science lilichapisha utafiti wa Anandi Mani, Sendhil Mullainathan, Eldar Shafir na Jiaying Zhao kuhusu wakulima 464 wa miwa katika jimbo la Tamil Nadu, India. Wakulima walewale walipimwa kabla ya mavuno, fedha zikiwa zimekauka, na tena baada ya mavuno. Kabla ya mavuno walifanya vibaya zaidi katika mazoezi ya kufikiri. Shida ya fedha ilikuwa imeichukua akili.

Jambo hili linamhusu kila anayekopa ada ya shule siku moja kabla shule hazijafunguliwa. Hesabu ngumu zifanywe mshahara ukiwa umeingia au mazao yakiwa yameuzwa. Wakati huo tembelea wakopeshaji wawili au watatu, chukua ratiba zao, piga hesabu na uandike nyuma ya daftari nani atakopwa dharura ikija, na kiasi gani kisizidi. Siku ya dharura itabaki kutekeleza tu.

Sheria fupi zinasaidia kuliko maelezo marefu. Katika Jamhuri ya Dominika, watafiti Drexler, Fischer na Schoar waliwafundisha wafanyabiashara wadogo kwa njia mbili: kundi moja masomo ya uhasibu wa kawaida, kundi jingine kanuni chache rahisi, kama kutenga kabisa fedha ya biashara na ya nyumbani. Waliofundishwa kanuni rahisi ndio walioboresha utunzaji wa mahesabu yao. Kwa mwenye genge, hiyo ni mikoba miwili. Mauzo yote yanaingia wa kwanza. Jioni, mwenye genge anajilipa kiasi kilichopangwa kwenye wa pili, na chakula cha nyumbani kinanunuliwa kutoka huo tu.

6. Mafao na umri

Sumit Agarwal na wenzake, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2009, walichunguza makosa ya Wamarekani katika aina kumi za mikopo na huduma za fedha. Vijana walikosea kwa kukosa uzoefu, wazee kwa sababu wepesi wa kufikiri ulikuwa umepungua. Makosa yalikuwa machache zaidi karibu na umri wa miaka 53.

Nchini Tanzania mtumishi anaweza kustaafu kwa hiari akiwa na miaka 55 na kwa lazima akiwa na 60. Fedha nyingi kuliko zote alizowahi kushika kwa siku moja zinamfikia basi baada ya kilele hicho, na wauza viwanja, wenye miradi ya kuku na ndugu wenye mawazo ya biashara wanaijua tarehe. Mipango ya mafao ianze mapema: andika ukiwa na miaka 50 sehemu gani itajenga, ipi itabaki benki na ipi haitakopeshwa mtu. Jiwekee pia kipindi, kwa mfano miezi mitatu, ambacho fedha haitoki isipokuwa kwa matibabu na chakula. Na kila mkataba mkubwa usomwe na mtu wa pili asiyepata chochote kutokana nao. Mtoto aliyesoma anaweza kumwambia mzazi kwa adabu, "Baba, naomba tuipige hesabu pamoja kabla hujaweka sahihi."

Karatasi ya kwenda nayo

Maswali haya yanatosha kwenye nusu ukurasa. Yaandike kwa mkono na uyajaze mbele ya mkopeshaji:

Nitapokea shilingi ngapi mkononi, makato yote yakishatolewa?

Nitarejesha jumla ya shilingi ngapi, na kwa siku au miezi mingapi?

Riba inapigwa juu ya mkopo wote au juu ya deni lililobaki?

Nikichelewa siku moja natozwa ngapi? Nikimaliza mapema napunguziwa ngapi?

Faida yangu ya siku mbaya, si ya siku nzuri, inatosha rejesho?

Nani anachukua dhamana nikishindwa, na imeandikwa wapi?

La mwisho ni leseni. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza programu na majukwaa 69 ya mikopo ya mtandaoni yaliyokuwa yakifanya kazi bila kibali. Nchini Kenya, kanuni za mwaka 2022 zinawataka wakopeshaji wa kidijitali wawe na leseni ya Benki Kuu. Orodha za wenye leseni ziko kwenye tovuti za benki kuu zote mbili. Jina la kampuni litafutwe humo kabla ya kupakua programu, kwa kuwa programu ikishapewa ruhusa ya kusoma namba za simu za ndugu na marafiki, kuifuta baadaye hakurudishi namba hizo.